Keki Ambayo Haikuwepo Mezani

Sura ya Sita

Mkutubi alileta matoleo ya mwaka mzima ya jarida la Treptaj, yameshonwa pamoja ndani ya jalada gumu, akayaweka mezani polepole kama anayelaza mtoto. Inspekta Nevenka Brdar alifunua hadi Januari. Pale mahojiano aliyokuwa anayatafuta yalipotakiwa kuanza palikuwa na pengo. Ukurasa ulikuwa umekatwa kwa wembe, bila haraka, sambamba kabisa na uzi wa mshono.

"Na huo pia," mkutubi alisema. "Pole."

"Mnamjua aliyekata?"

"Msichana. Wasichana wote wa Zrenjanin. Walikuwa wakija na wembe ndani ya soksi, wanaomba kusoma habari za kilimo, wanaondoka na Ogi kifuani." Alikohoa kidogo. "Si kwamba mimi niliwahi."

"Sikukuuliza, mama."

"Basi."

Maktaba ya Novi Sad walikuwa wamemjibu vivyo hivyo kwa simu. Belgrade walimtumia picha ya ukurasa wao, na ukurasa wenyewe ulikuwa nusu: maneno yalibaki chini, kichwa cha kijana kilikuwa kimeondoka na mtu zamani. Nevenka alivaa koti, akashuka ngazi, akatoka nje kwenye upepo wa košava uliokuwa unasukuma maji ya mto Begej yarudi yalikotoka.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia na ngumu kuimaliza. Ognjen Latinkić alikuwa kijana wa mji huu aliyeimba akiwa na miaka kumi na sita, na kwa mwaka mmoja hakuna msichana aliyelala bila picha yake ukutani. Watu walimwita Ogi. Alipofika kumi na saba alikwenda kuimba pwani, Rijeka, na hakurudi. Wazazi walikufa wakimngoja. Mwezi uliopita mwanamume mwenye mvi aliingia ofisi ya polisi akaomba kitambulisho kwa jina hilo. Karatasi alizokuwa nazo zilikuwa za Mwitaliano, na alisema mwenyewe bila kuulizwa kwamba alizinunua Trieste akiwa mvulana.

Dada wa Ognjen, Dunja Perišin, ndugu pekee aliyebaki, alimwona mara moja tu kwenye korido ya polisi. Siku hiyo hiyo akaandika mashtaka. Huyu si kaka yangu, aliandika.

Damu haikuweza kuamua. Ognjen alikuwa mtoto wa kulea, alichukuliwa kutoka nyumba ya yatima akiwa bado ananyonya. Alama za vidole hazikuwepo, maana alitoweka kabla ya umri wa kupewa kitambulisho. Wataalamu wa sura walilinganisha picha, wakaandika neno moja ambalo halimsaidii mtu: inawezekana.

Mwendesha mashtaka alitaka taarifa Ijumaa. Kama mtu yule ni mwongo, atafungwa kwa kujitwalia jina la mwingine. Kama ni mkweli, basi Dunja alikuwa anampeleka gerezani ndugu yake wa pekee kwa mkono wake mwenyewe.

Na ushahidi wa Dunja ulikuwa mahojiano yale. Alikuwa na miaka mitano yalipochapishwa. Shangazi aliyemlea baadaye alimsomea kila jioni mpaka jarida likaoza mikononi, na Dunja akabaki nayo kichwani neno kwa neno. Mbele ya Nevenka aliyasema bila kukwama: jinsi mwandishi alivyowatembelea nyumbani wakati wa baridi, siku ya kuzaliwa ya Ogi, jinsi baba alivyooka nguruwe mzima, jinsi mama alivyoleta keki ya krimu ya ghorofa mbili.

Nevenka alimuuliza yule mtu juu ya siku hiyo.

"Hapakuwa na nguruwe," alisema.

"Na keki?"

"Wala keki. Mimi nimezaliwa Juni."

"Mlisherehekea nini basi?"

Mtu yule alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mwosha vyombo, ngozi yake imesinyaa.

"Mlikula nini?"

"Sikumbuki."

Hilo sikumbuki lilimharibia. Dunja alipoambiwa alicheka bila furaha. "Umeona? Juni ni kweli, imo kwenye daftari la serikali, mtu yeyote anaweza kuisoma. Lakini shangazi alinieleza. Nyumbani walimsherehekea siku aliyoletwa kutoka nyumba ya yatima, na aliletwa wakati wa baridi. Kaka yangu angelijua hilo. Huyu hata hakufanya kazi ya nyumbani."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Lakini Nevenka alikuwa amewahoji waongo wengi, na hakuna aliyekosa kufanya kazi ya nyumbani. Mwongo angeanza na jarida. Angekula nguruwe mzima na keki juu yake. Huyu alikuwa anakataa jambo lilelile ambalo lingemwokoa, na Nevenka alitaka kuona kwa macho yake ukurasa uliokuwa unakataliwa.

Alisimama kwenye kona ya soko akafikiri. Jarida la wasichana husomwa wapi tena, mbali na maktaba? Alivuka barabara akaelekea saluni ya Bi Ruška.

*

Bi Ruška alikuwa na mteja mmoja chini ya mashine ya kukausha nywele na mwingine mwenye vitambaa vya rangi kichwani. Yeye mwenyewe nywele zake zilikuwa fupi kama za askari.

"Inspekta. Umekuja kunikamata au kusuka?"

"Kusoma."

"Basi kaa. Nywele zako lakini ni kosa la jinai."

Nevenka alimweleza anachotafuta. Bi Ruška hakuuliza kwa nini. Alipiga magoti chini ya sinki, akavuta sanduku la mbao, akaanza kutoa majarida yaliyonata kwa unyevu na dawa ya nywele.

"Yapo yote," alisema kutoka chini. "Mwanamke akiwa na kichwa ndani ya mashine anasoma chochote utakachompa. Na kwangu hakuna aliyechana ukurasa. Waliniogopa. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, masikio yalikuwa yao."

"Mimi niliwahi kujaribu," alisema mteja wa vitambaa.

"Na sikio lako la kushoto ni dogo hadi leo, Zorka, ndiyo maana nalifunika kwa nywele."

Toleo la Januari lilikuwa la tano kutoka juu. Bi Ruška alilipangusa kwa taulo, akaliachia, lenyewe likafunguka mahali pake, kwa kuwa mikono mingi ilikuwa imelifungua hapo hapo.

Maneno yalikuwa kama Dunja alivyoyasema, neno kwa neno. Nguruwe alikuwepo, keki ilikuwepo. Juu ya maneno kulikuwa na picha iliyochukua nusu ya ukurasa.

Nevenka aliipeleka dirishani. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe, uso wake mwembamba umegeukia kamera, pua imemwiva wekundu kwa mafua. Nyuma yake ilionekana kona ya meza. Aliyepunguza picha alikuwa amejitahidi kuiondoa, akashindwa, maana bila kona ile angemkata kijana bega. Nevenka alitafuta keki. Aliona mkate wa duara, umepasuliwa juu. Aliona bakuli lenye kitu cheupe kama mchele mzito, na katikati yake mshumaa mmoja mnene, mrefu, wa manjano. Ukingoni kabisa palikuwa na sahani ya kupakulia, na kutoka kwenye sahani ulitoka mkia wa samaki.

Aliitazama muda mrefu.

"Bi Ruška. Njoo uangalie meza hii. Unaona siku gani?"

Bi Ruška alivaa miwani yake, akainama. Kisha akavua miwani. Akatazama mlango, na aliposema alisema kwa sauti ndogo ambayo Nevenka hakuwahi kuisikia kwake.

"Huyu baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Mtu wa Chama. Funga hilo jarida, mwanangu."

"Miaka hiyo imepita, mama."

"Imepita." Bi Ruška alinyoosha mgongo, akajicheka. "Kweli imepita. Lakini kwanza nimetazama mlango, umeniona?"

Nevenka alimwona. Kila nyumba ina mtakatifu wake, baba humwachia mwana, na siku ya mtakatifu huyo ikifika hukatwa mkate wa duara, huchemshwa ngano, huwashwa mshumaa mmoja. Hiyo ndiyo slava. Ikiangukia ndani ya mfungo hakuna nyama mezani, wala maziwa, wala krimu, huliwa samaki. Na katika miaka ile ya ukomunisti, dini ikichukiwa, mwalimu mkuu aliyejulikana kuwasha mshumaa huo hakubaki kuwa mwalimu mkuu.

"Nitaliazima," alisema.

"Lirudishe. Zorka bado hajamaliza kumtazama."

*

Chini ya mahojiano palikuwa na jina: Mileva Todorin. Alikuwa bado hai, amestaafu, anaishi Pančevo ghorofa ya juu bila lifti, na aliipokea simu kama mtu aliyekuwa anamngoja mtu yeyote apige.

"Nakumbuka," alisema baada ya kumsikiliza. "Kwa hiyo polisi wananipigia kwa ajili ya keki."

"Ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Nguruwe?"

"Ninyi vijana. Mwezi Desemba, Mtakatifu Nikola, nguruwe? Palikuwa na samaki wa mtoni, maharage ya kuoka, na mikate midogo ya jozi ambayo mpaka leo naiota."

"Walikualika?"

"Kwenye slava hakuna anayealikwa, mwanangu. Anayekuja anakuja. Sisi hata hatukujua kama ni slava. Tulimfuata kijana nyumbani kwake, mimi na mpiga picha, tukagonga. Baba akafungua, kiberiti mkononi, uso mweupe kama karatasi. Angetufukuza siku nyingine yoyote. Siku hiyo huwezi kumfukuza mtu mlangoni, hata awe ibilisi, hata awe mwandishi wa habari."

"Akasema nini?"

"Akasema, karibuni, ni siku ya kuzaliwa ya kijana. Nikasema, hongera. Nikala samaki wake hadi mifupa, nikarudi ofisini nikaandika nguruwe. Ningefanyaje? Ningeandika samaki na maharage, kila mama nchini angejua kilichokuwa mezani kwa mwalimu mkuu. Nikampa nyama na krimu ya kutosha, ili hata mjinga asifikirie mfungo. Mhariri alijaribu kuikata meza kwenye picha, hakuimaliza." Alivuta pumzi. "Baridi ile, kwa mujibu wa jarida letu, waimbaji wangu watatu walizaliwa siku moja, siku ya Nikola. Hakuna aliyeshangaa."

"Na maneno ya Ogi?"

"Ogi alikuwa na mafua. Alisema maneno machache kama mtu mzima mwenye deni la usingizi. Yaliyobaki niliyatunga kwenye treni. Yalikuwa mazuri, sivyo?"

"Kuna mtu anayajua yote kwa moyo."

"Hilo sikulifikiria," Mileva alisema.

Nevenka aligeuza kalamu. "Swali moja. Mshumaa huwashwa mbele ya picha ya mtakatifu. Uliiona?"

"Hapana, na nilishangaa. Niliangalia kuta zote. Palikuwa na Marshali tu, rais wetu wa wakati huo, kwenye fremu yake, kama kila nyumba. Nikajiuliza, hawa wanamwashia nani?"

"Ulimwambia mtu yeyote?"

"Umenidhania vibaya. Ningetaka kumwambia mtu, ningeandika samaki."

Nevenka alimshukuru. Baada ya kuweka simu aliandika swali moja kwenye karatasi safi. Kuna picha ya mtakatifu ambayo mgeni hakuiona. Ilikuwa wapi? Jarida halikuwa na jibu. Mileva hakuwa nalo. Shangazi aliyemlea Dunja hakuwa amekaa nyumba ile. Aliyekuwa na jibu alipaswa kuwa amekaa mezani.

*

Mtu yule alifika kituoni mchana, kofia mkononi. Alikuwa anaishi chumba cha juu ya duka la mikate, na nguo zake zilinuka hamira. Nevenka alimpa chai. Hakuweka jarida mezani. Alitoa picha aliyoinakili, amekata maneno yote, akamsogezea.

Mtu yule alimtazama kijana mwenye mafua kwa muda, bila kumtazama sana. Macho yake yalishuka kwenye kona ya meza yakakaa hapo.

"Uliniambia hukumbuki mlichokula," Nevenka alisema.

"Ndiyo."

"Watu husahau. Lakini wewe hukusahau kisichokuwepo. Ulikumbuka vizuri kwamba nguruwe hakuwepo."

Mtu yule aliisukuma picha kidogo.

"Ulinidanganya mahali pamoja tu, mzee wangu. Na hapo hukudanganya ili upate kitu. Ulidanganya huku unajiumiza. Nataka kujua kwa nini."

Mtu yule alizungusha kikombe. Alitazama mlango uliokuwa wazi, korido, sare ya askari aliyekuwa anapita.

Nevenka aliinuka akafunga mlango. Aliporudi alikaa, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Kwetu sisi ni Mtakatifu Đurađ. Mama yangu huoka mkate siku mbili kabla na kulalamika siku mbili baada. Na kwenu?"

Mabega ya mtu yule yalishuka taratibu, kama aliyetua gunia.

"Nikola," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni polisi."

"Polisi hatuulizi hayo siku hizi. Nusu ya kituo hiki hawaji kazini siku ya Nikola."

"Najua. Kichwani najua." Aligusa koo lake. "Baba alinikalisha nikiwa mdogo, akanifundisha. Mwalimu akikuuliza, ni siku ya kuzaliwa. Jirani akikuuliza, ni siku ya kuzaliwa. Mtu wa sare akikuuliza, hukumbuki chochote. Nilikosea mara moja nikapigwa, na baba hakuwa mtu wa kupiga. Nimesahau nyimbo zangu zote, inspekta. Hilo halijatoka."

"Na Dunja?"

"Dunja alikuwa anasema kila kitu kwa kila mtu. Chekechea nzima ilijua baba anakoroma. Kwa hiyo yeye tulimwambia ni siku ya kuzaliwa kweli."

Nevenka aliandika. Kisha akauliza swali la karatasi safi, kwa sauti ile ile. "Picha ya mtakatifu ilikuwa wapi?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Mgongoni mwa Marshali."

"Nieleze."

"Fremu ilikuwa na pande mbili. Mwaka mzima Marshali anatazama sebule. Siku ya slava mapazia yanafungwa, baba anamgeuza, na nyuma yake ni Nikola. Siku hiyo mlango uligongwa. Baba alikuwa amekwisha kuwasha mshumaa. Mimi ndiye niliyegeuza fremu, nilikuwa mrefu kumpita, na niliigeuza kwa haraka, moto ukashika kona ya chini. Nilizima kwa kiganja." Alifungua mkono, lakini miaka ya maji ya moto ilikuwa imeisawazisha ngozi yote. "Baada ya wageni kuondoka baba alipigilia kadibodi juu yake. Misumari midogo ya viatu. Akasema, imetosha, hatutarudia. Mama alilia. Miezi michache baadaye nilikwenda Rijeka."

"Kwa sababu ya hiyo?"

"Kwa sababu jarida lilitoka. Nilisoma nilivyosema, na sikusema hata nusu. Kila nilipokwenda wasichana walinisomea maneno yale, na mimi nikayaitikia. Siku moja nikaona njia ya kwenda mahali ambapo hawanisomei." Alikunywa chai yake. "Nilifikiri nitakaa mwezi."

*

Dunja Perišin alikuwa amewasha jiko. Nyumba ilinukia supu ya kuku na tambi. Alimpa Nevenka ndara za wageni, akamwonyesha kiti, na hakukaa yeye.

"Amekiri?"

"Bado nauliza. Vitu vya wazazi wako uliviweka wapi?"

"Vichache. Saa ya baba, cherehani. Vingine shangazi aliuza."

"Na picha za ukutani?"

"Marshali tu." Dunja aliona aibu kidogo. "Usinicheke. Baba hakukubali aondolewe. Hata alipokuwa hoi alisema, huyu usimtupe. Nikafikiri ni mambo ya Chama. Yuko stoo."

Alikuwa stoo, nyuma ya mitungi ya pilipili hoho za kusaga, ametazama ukuta. Dunja aliipangusa fremu kwa aproni, akaiweka juu ya meza ya jikoni. Nevenka aliilaza kifudifudi. Mgongo ulikuwa kadibodi nene ya kahawia, na pembeni mwote vichwa vya misumari midogo, ya viatu, imeshika kutu.

"Kabla sijafungua, sikiliza," Nevenka alisema. "Mtu yule ameniambia kilichoko hapa ndani, na kona gani imeungua. Nimeyaandika na ameyatia sahihi. Mimi sijakifungua na wewe hujakifungua. Una kisu kisicho na makali?"

Dunja alimpa kisu cha siagi. Misumari ilitoka kwa shida, mmoja mmoja, ikaanguka mezani ikitoa mlio mdogo. Nevenka aliinua kadibodi.

Mzee mwenye ndevu nyeupe aliwatazama kutoka kwenye karatasi iliyofifia, mkono umeinuliwa kubariki. Kona ya chini ilikuwa nyeusi, imekunjamana, na katikati ya weusi palikuwa na alama ya kiganja cha mtu aliyezima moto kwa haraka.

Dunja aliweka kidole karibu na alama ile. Hakuigusa.

"Sisi hatukuwa na slava," alisema. "Nilipoolewa nikachukua ya mume wangu. Niliwaambia wakwe zangu, kwetu hakuna."

"Ilikuwepo. Ulikuwa ukiila ukidhani ni keki."

"Nguruwe," Dunja alisema. "Nilimwona. Naapa nilimwona, na tufaha mdomoni."

"Ulisomewa."

Dunja aliketi. Supu ilianza kuchemka kwa nguvu, na Nevenka ndiye aliyekwenda kupunguza moto. Aliporudi, mwanamke yule alikuwa amefumba mikono yake mapajani.

"Kwa hiyo nimemshtaki kaka yangu."

"Umemshtaki mtu usiyemfahamu. Mashtaka yaliyoandikwa kwa kalamu yanafutwa kwa kalamu. Nimekuja na karatasi."

"Yuko wapi?"

"Langoni. Nilimwambia aingie, akakataa. Alisema leo si Desemba, lazima akaribishwe."

Dunja alitazama dirishani. Mtu mwenye mvi alikuwa amesimama upande wa pili wa lango, kofia mkononi, upepo umemwinua nywele. Dunja alivua aproni, akaivaa tena, akatoka hadi barazani. Nevenka hakusikia alichosema. Aliona tu lango likifunguka.

Walipoingia jikoni walibaki wamesimama, kila mmoja upande wake wa meza, Mtakatifu Nikola katikati yao. Mtu yule alimwona mtakatifu akainamisha kichwa. Dunja hakumwondolea macho.

"Kuna maneno mule," alisema. "Mwandishi alikuuliza ukiimba unamwimbia nani. Ukajibu, nikifumba macho namwona dada yangu mdogo, namwimbia yeye. Nimelala na maneno hayo tangu mama alipokufa. Mengine yote niambie ni ya uongo, nitavumilia. Hayo ulisema?"

Nevenka alishughulika na kalamu yake. Alikuwa anajua treni ile ilivyokwenda na kilichoandikwa ndani yake, na alijua kwamba neno ndiyo lilikuwa fupi na la bure.

"Hapana," Ognjen Latinkić alisema. "Sikusema hivyo."

Dunja alishika ukingo wa meza.

"Aliniuliza kama dada yangu naye anapenda nyimbo zangu. Nikamwambia ana meno. Nilikuwa nikianza mazoezi unakuja kuniuma ili ninyamaze tucheze. Hapa." Aligusa paja lake juu ya goti. "Ulikuwa unafika hapa tu. Nilimwonyesha hata alama. Hakuandika."

Dunja alimtazama gotini, kisha usoni, kwa mara ya kwanza kama anayetafuta, si kama anayelinganisha. Aliuma mdomo. Aligeuka, akachukua sahani tatu za supu kutoka kabatini, akazipanga kuizunguka fremu bila kuiondoa.

"Kaa ule," alimwambia. "Na usije ukaanza kuimba humu ndani. Meno bado ninayo."